Jibu: Ni Arctic Monkeys walewale, rudi kwanza 2006

Salama mkuu. Umesema uliambiwa Arctic Monkeys ni bendi ya magitaa ya kasi, ukafungua Tranquility Base Hotel & Casino ukakuta piano na sauti ya kubembeleza, sasa unauliza kama umekosea bendi. Hujakosea. Kabla ya yote angalia mwaka: albamu hiyo ni ya 2018, na mwimbaji wao Alex Turner aliitunga kwenye piano aliyozawadiwa na meneja wake alipotimiza miaka 30.

Mimi nilikwama hapohapo. Kilichonikwamua ni kurudi Januari 2006, albamu yao ya kwanza. Vijana wa Sheffield, Uingereza, wanaimba kwa lafudhi ya kwao bila kuificha, habari za teksi za usiku na mabaunsa mlangoni. Iliuza zaidi ya nakala 360,000 Uingereza wiki ya kwanza tu. Msikilize mpiga ngoma wao Matt Helders anavyozipiga, hakupi nafasi ya kupumua!

Halafu tafadhali usiiruke albamu ya Humbug ya 2009. Wengi wanairuka, na naamini ndipo wanapopotea. Walikwenda jangwani California kurekodi na Josh Homme, mwanamuziki wa roki wa Queens of the Stone Age, mwendo ukapungua, magitaa yakawa mazito. Ukishaizoea, albamu ya AM ya 2013 haitakushangaza. Vaa hedifoni uanze na wimbo wake Do I Wanna Know?: mguu na makofi tu, kisha gitaa linaingia taratibu, kama mtu anayesita kugonga mlango.

Baada ya hapo ndipo urudie ile piano.