Kona ya Magari ya Rimoti: Kabla hujaweka chuma kila mahali

Barua za mwezi huu karibu zote ni mbili tu, gari linavunjika au gari halikati kona, na wengine wana yote mawili kwa pamoja poleni sana. Nimechagua chache ambazo jibu lake litawafaa na wengine, nimezifupisha pia maana kuna mtu kaandika kurasa nzima kuhusu rangi ya bodi. Mnaouliza bei za vipuri nivumilieni, bei inabadilika kabla hata gazeti halijatoka.

Habari fundi. Nina gari la modeli ya Slash, la kuvuta kwa nyuma. Nilikuwa navunja sana mikono ya mbele inayoshika tairi, ile ya plastiki yenye umbo la herufi A, nikaona isiwe tabu nikaweka ya aluminiamu, inang'aa balaa. Haikupita muda nikagonga ukingo wa barabara, mikono mizima kabisa ila kile kipande cha mbele kinachoishikilia kimepasuka na pini imepinda. Sasa nitafute na hicho kipande cha aluminiamu? – Mpenda Vumbi, Mikocheni

Kaka subiri kwanza usitoe hela. Ukiweka hicho cha aluminiamu ujue kitakachofuata ni chesisi yenyewe, na chesisi ndo kipande ambacho kukibadilisha unavua gari zima mpaka nati ya mwisho. Gari la kilo mbili na ushee likiwa kilomita 40 kwa saa likigonga ukingo lile pigo lazima liende mahali, mkono wa plastiki ulikuwa unalipokea kwa kukunjika kidogo au kwa kuvunjika, sasa umeweka kitu kisichokunjika kwa hiyo pigo limepita palepale likaenda kwa jirani. Na aluminiamu ina tabia moja mbaya zaidi, ikipinda hairudi. Nailoni inapinda inarudi, unaendelea na safari hata hujui kama uligonga kitu. Aluminiamu ikishapinda milimita mbili tu utashangaa gari linavuta upande mmoja wiki nzima, unahangaika na trimu ya rimoti (kile kitufe cha kunyoosha usukani) kumbe mkono umekaa upande.

Rudisha plastiki, ila sio ileile. Tafuta mikono ya nailoni iliyotengenezwa kwa kazi hii, kampuni ya RPM ya Marekani ndo wanajulikana zaidi, ni minene na inakunjika kuliko ya kiwandani na kwa kawaida wanakupa dhamana ya kuvunjika. Pini zake weka za chuma cha pua. Alafu mbele weka bampa pana ya nailoni hiyohiyo, bampa nzuri inaokoa mikono kuliko mikono yenyewe inavyojiokoa, na watu wanaidharau sababu haina sura.

Simaanishi chuma ni haramu. Vile vifuniko vya juu vya shokapu weka vya aluminiamu leo leo, vya plastiki ukitua vibaya kutoka kwenye mruko vinachomoka na mafuta yote yanabaki mchangani. Sahani inayoshika mota iwe ya chuma maana inasaidia kutoa joto. Shafti za kwenda kwenye tairi ukiwa na mota ya brashlesi (isiyo na brashi) na betri ya seli 3 weka za stili, za plastiki zitasokotwa. Ukiangalia vizuri hivyo vyote ni vitu vinavyovutwa, vinavyochemka au vinavyozunguka, sio vitu vinavyogongwa. Nje kwenye kugongwa acha plastiki, na ujitahidi kitakachovunjika kwanza kiwe ni kile cha bei ndogo ambacho unakibadilisha palepale kwa elenki moja.

Bodi nayo usiisahau. Geuza ndani, kata vipande vya neti ya dirisha ya mbu, vibandike kwenye pembe na kwenye mashimo ya klipu kwa gundi ya viatu ile inayobaki laini ikikauka. Supaglu hapana, inakauka ngumu inapasuka.

Niaje boss. Gari yangu ya 1/10 ilikuwa inakata kona polepole sana, nikatoa servo iliyokuja nayo (ile mota ndogo inayogeuza tairi za mbele) nikaweka ya nguvu ya kilo 25 yenye gia za chuma. Sasa nikikata kona kwa nguvu gari yote inazima sekunde moja halafu inarudi. Na bado stelingi iko na uchezo, tairi hazirudi katikati vizuri. Nimeuziwa servo feki ama? – Dereva wa Ngong

Inawezekana ni feki lakini mimi ningeanza kuiachia servo heshima yake kwanza, hapo una shida mbili tofauti na hazihusiani.

Ya kuzima ni umeme. Servo hailishwi na betri moja kwa moja, inalishwa na kile kisakiti kidogo ndani ya spidikontrola (kile kifaa kinachoendesha mota kubwa) ambacho kinashusha volti za betri mpaka kama 6 na kuigawia servo pamoja na risiva, yaani kile kinachopokea mawimbi ya rimoti. Kwenye gari nyingi za bei ya kati hicho kisakiti kinatoa ampia 1 mpaka 3 tu, na servo ya kiwandani ilikuwa inatosheka. Servo ya kilo 25 ikikwama, yaani tairi imebanwa na jiwe na wewe umekunja mpaka mwisho, inaweza kuomba ampia 2 na zaidi yenyewe peke yake, volti zinaanguka, risiva inakosa umeme inajizima na kujiwasha tena. Ndo hiyo sekunde yako moja. Na kama ilikuwa spidi kali kuelekea ukuta sekunde moja ni nyingi sana bana.

Dawa ya haraka ni kapasita, zinauzwa tayari na plagi ya servo, unaichomeka kwenye tundu tupu la risiva, inasaidia pale umeme unapotikisika kidogo. Dawa ya kweli ni kununua kishusha volti cha pembeni, watu wanakiita beki, kinachukua umeme kwenye betri na kuipelekea risiva na servo badala ya kile kisakiti. Ukishafunga hicho kumbuka kuchomoa ule waya mwekundu unaotoka kwenye spidikontrola kwenda risiva ili vyanzo viwili visigongane. Soma pia kwenye servo imeandikwa mwisho volti ngapi, nyingi za bei rahisi zinaishia 6.8, usizipeleke 7.4 kwa sababu tu umeona mtu kafanya.

Sasa uchezo. Hapo servo mpya haikusaidii chochote hata ungeweka ya kilo 100. Washa gari liwe limesimama juu ya kitu tairi zielee, shika tairi ya mbele kwa vidole viwili itikise kulia kushoto polepole huku unaangalia kuanzia tairi kuelekea servo. Kila kiungo kitazame, kile kinachosogea wakati kinachofuata hakisogei ndo kimelegea. Mara nyingi utakuta ni kwenye vile vipande viwili vinavyozunguka katikati ya stelingi, vimekaa kwenye bushi za plastiki ambazo vumbi limezila, vinacheza juu na chini. Toa bushi weka beringi ndogo, hiyo kazi ya hela kidogo inabadilisha gari kuliko servo. Ukitoka hapo angalia mipira ya tairodi, ile mipira ya chuma ndani ya plastiki, ikiwa inachomoka kwa mkono bila kulazimisha zibadilishe vichwa.

Kinachobaki ni springi ya kulinda servo. Gari nyingi zinakuja na springi katikati ya servo na stelingi ili tairi ikigongwa springi ipokee badala ya gia za servo. Zile za kiwandani ni laini kwa sababu servo yenyewe ilikuwa ya gia za plastiki. Wewe sasa una gia za chuma kwa hiyo weka springi ngumu zaidi, kama ina nati ya kukaza ikaze. Usiitoe kabisa kama gari linaruka, kuitoa ni kwa wale wanaopanda miamba kwa spidi ya kobe, hao wanahitaji kila kilo ifike kwenye tairi.

Halafu hizo kilo muelewe. Kilo 25 maana yake inavuta kilo 25 ukiwa sentimita 1 kutoka katikati ya shafti yake, ukiweka mkono mrefu wa sentimita 2 imebaki kilo 12 na nusu. Kwa hiyo mkono wa servo mfupi una nguvu, mrefu unasafiri zaidi. Ukinunua mkono wa aluminiamu hesabu meno ya shafti kwanza, nyingi zikiwemo za Kichina na za kampuni za Futaba na Savox ni 25, za Hitec nyingi ni 24, na zipo za 23. Wa 24 unaweza kuulazimisha uingie kwenye 25 na ukajuta. Ukimaliza kufunga, kata mpaka mwisho usikilize, servo ikinguruma inasukuma kitu ambacho kimefika ukomo, punguza mwisho wa safari kwenye rimoti mpaka inyamaze.

Assalam aleikum. Niko Muscat, tunachezea kwenye matuta ya mchanga. Gari la kuvuta nyuma, likiingia kona linaenda mbele moja kwa moja, usukani umekunjwa lakini wapi. Servo ni nzuri na mpya. – Mtoto wa Matuta

Waaleikum salaam. Tairi bana, si servo. Mchanga laini hauna cha kushika, tairi za mbele zenye vinundu zinaelea tu juu. Nyuma weka tairi za makasia, mbele weka zile nyembamba zenye mbavu zinazozunguka tairi nzima, mbavu zinachimba mfereji na gari linaufuata. Sogeza betri mbele kama nafasi ipo. Na kwenye viungo vilivyo wazi usipake grisi kabisa, grisi na mchanga ukizichanganya unapata msasa. Ukichezea ufukweni suuza kwa maji matamu siku hiyohiyo, puliza, beringi tia tone la mafuta, chumvi haingoji kesho.

Niko Minnesota na kijana wangu. Kiangazi gari liko poa, ila baridi ikiingia mikono inavunjika kama biskuti, hata kwa kugonga kidogo. Tumebadilisha mara kadhaa vipuri halali kabisa. – Baba Mkurya, Minneapolis

Mkuu vipuri havina kosa. Nailoni inakunywa maji kutoka hewani na hayo maji ndo yanaifanya iwe laini na ngumu kuvunjika. Ikiwa kavu inakuwa kakamavu, ikipigwa na baridi juu yake ndo basi. Huko kwenu majira ya baridi nyumba inapashwa joto miezi yote, hewa ya ndani inakauka mpaka midomo inapasuka, na vipuri vimekaa humohumo kwenye pakiti. Sisi wa Dar hatulijui hili tatizo, hewa yetu inavinywesha bure.

Chemsha maji, epua, tumbukiza mikono mipya humo iache mpaka maji yapoe yenyewe, na ilale humo usiku mzima kabla hujaifunga. Ya zamani pia unaweza kuifanyia. Alafu kwenye baridi kali punguzeni spidi na mruko, betri za lipo nazo ziweke mfukoni ndani ya koti mpaka muda wa kucheza maana zikipoa zinakosa nguvu, na msizichaji zikiwa zimeganda, zisubirini zipate joto la chumba.

Fundi shikamoo. Mwanangu ana gari la rimoti la dukani la kawaida tu, stelingi imekufa. Nimefungua nikakuta servo ina nyaya 5, lakini mtandaoni zote ni nyaya 3. Naunganisha vipi? – Mama wa Fundi Mdogo, Tanga

Marahaba dada. Huunganishi, haziendani. Ya nyaya 5 sio servo kamili, ni mota ndogo na kipimo cha mzunguko tu, akili yake iko kwenye ile sakiti kubwa ya gari. Ya nyaya 3 ina akili yake ndani. Kutumia ya nyaya 3 itabidi ubadilishe risiva, spidikontrola na rimoti yenyewe, na hapo hela umeshaikaribia ya gari lingine lenye vipuri vinavyopatikana. Kabla ya yote fungua hiyo servo skrubu zake ndogo za chini, uangalie gia. Kama ni jino moja limeng'oka tafuta servo ya modeli hiyohiyo kwa namba iliyoandikwa chini ya gari, huwa zinauzwa peke yake. Kama gia ni nzima angalia nyaya mbili za mota pale zilipolehemiwa, hapo ndo zinapokatikaga, na fundi simu yeyote wa mtaani anazirudishia dakika tano.