Maswali ya Maabara: DNA tele, jibu hakuna

SWALI: Tunatafuta mabadiliko ya jeni la EGFR kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu kwa kutumia DNA huru, yaani iliyo nje ya seli, iliyomo kwenye damu. Damu hutolewa asubuhi kwenye chupa za EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), hutufikia jioni. NanoDrop, kipimo cha wingi wa DNA kwa mwanga, inaonyesha DNA tele lakini PCR, mbinu ya kunakili DNA ili ionekane, haioni kitu. Tubadilishe vitendanishi?
– Mteknolojia wa maabara, Mwanza

JIBU: Vitendanishi viacheni kwanza. Kwa saa zote hizo, sehemu kubwa ya mnachokipata huenda ni DNA ya seli nyeupe zilizopasuka njiani, nayo inaifunika ile ya uvimbe. DNA huru ni vipande vifupi, jozi besi (herufi za DNA) 166 hivi, na ni haba. Pigeni hesabu: nanogramu 1 ina nakala kama 300 za jenomu (seti nzima ya DNA). Plazma (maji ya damu yasiyo na seli) mililita 4, yenye nanogramu 5 kwa kila mililita, ina nakala 6,000. Uvimbe ukichangia 0.1%, mnazotafuta ni nakala 6 tu.

Damu ya EDTA izungushwe kwenye sentrifuji, ili seli zitengane na plazma, ndani ya saa 4, ikichelewa sana 6. Usafiri ukigoma, tumieni chupa za kuhifadhi seli, kama za Streck: zijazwe hadi alama, zigeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, zisigandishwe kwa baridi. Za heparini (dawa nyingine ya kuzuia damu isigande) hazifai, huzuia PCR.

Zungusheni mara mbili. Kwanza 1,600 g (g ni nguvu ya mvutano wa dunia) kwa dakika 10. Kwa rota ya nusu kipenyo cha sentimita 16, hiyo ni mizunguko kama 3,000 kwa dakika. Breki iwe ndogo, mashine ikisimama ghafla hutibua tabaka jeupe, yaani la seli nyeupe. Nyonyeni plazma mkiacha milimita 5 juu ya tabaka hilo; uchoyo hapa ndio unaoharibu sampuli nyingi. Kisha 16,000 g, dakika 10, ndipo mgandishe kwa nyuzi -80. Mkigandisha kabla, seli zilizosalia hupasuka.

Kwenye uchimbaji, proteinezi K, kimeng'enya kinachovunja protini, ipewe dakika 30 kwa nyuzi 60. Shanga za sumaku zinazonasa DNA zikikaushwa hadi zipasuke nyufa, DNA haiachii. Zikibaki na ethanoli, PCR hukwama.

NanoDrop iwekeni kando: huhesabu pia RNA ya kubebea (ya kusaidia kunasa DNA) iliyomo kwenye vitendanishi. Tumieni Qubit, kipimo cha rangi ing'aayo inayoshika DNA. Lakini hata Qubit haitofautishi DNA ya uvimbe na ya seli nyeupe, kwa hiyo pimeni jeni moja kwa vipande viwili, cha jozi besi 80 na cha 250. Kirefu kikikaribia kulingana na kifupi, seli zilipasuka. Ombeni damu nyingine.