Fundi, ninunue kimashine gani cha kusoma taa ya injini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, ilitoka Japani ikiwa imetumika. Taa ya injini inawaka, inazimika, inawaka tena. Kila nikienda kupimiwa natoa Sh 20,000, na mwezi uliopita nimekwenda mara tatu. Dukani nimeona kidude cha Bluetooth, ELM327, kwa Sh 25,000. Nikinunue, au nitatupa pesa? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikilipie kabla hujakichomeka kwenye gari lako mwenyewe.

Inama chini ya usukani, utaona tundu la pini 16. Wengi wakiliona hudhani kila kidude kitaelewana na gari. Sivyo. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, yaani lugha moja ya kompyuta ya gari kuongea na vidude vya kupimia, kwenye magari madogo kuanzia yale ya 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. IST yako haikutengenezwa kwa masoko hayo. Toyota nyingi zilizouzwa Japani miaka hiyo zina tundu lilelile lakini lugha yake ni nyingine. Kidude kitawaka, maana umeme kinaupata pini ya 16, simu nayo itakiona, halafu programu ya kwenye simu itazunguka wee mpaka ichoke. Nimeshaletewa vidude vizima kabisa na watu wanaodhani ni vibovu.

Kwa hiyo nenda dukani na gari. Washa injini, fungua sehemu inayoonyesha mzunguko wa injini, kisha kanyaga mafuta kidogo. Namba ikipanda na kushuka na mguu wako, kinaongea na gari, lipa. Isipocheza, kirudishe. Torque, mojawapo ya programu hizo za simu, inaruhusu kuandika amri za kuunganisha Toyota za Japani, ila lazima awepo kijana anayeziweza. Kama hayupo, tafuta kimashine cha mkononi chenye kioo chake na menyu ya Toyota, si OBD-II peke yake. Bei itapanda. Changeni walimu watatu wanne wenye magari hapo shuleni, maana hakuna anayekihitaji kila siku. Na kama simu yako ni iPhone, ELM327 za Bluetooth ya zamani hazitaiona, chukua ya WiFi.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo pesa nyingi inapopotea. Zile namba za hitilafu ambazo kidude kinazisoma, mafundi tunaziita kodi, hazikwambii ununue kifaa gani. Zinakwambia uanze kutafuta wapi. Mama mmoja aliniletea gari lenye P0171, yaani injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Alikuwa ameshanunua sensa ya oksijeni mara mbili, na taa imerudi mara mbili. Nikapitisha kidole chini ya mpira mkubwa wa hewa, ule unaotoka kwenye kisanduku cha chujio kwenda kwenye injini. Kwa juu ulikuwa mzima. Kwa chini, kwenye mkunjo, kidole kikazama kwenye ufa. Hewa ilikuwa inaingia hapo bila kupita kwenye sensa inayoipima. Tulibadilisha mpira tu. Sensa zake zote mbili zilikuwa nzima, na ile pesa iliniuma kama yangu.

Ndiyo maana ukishaisoma namba usikimbilie kuifuta. Iandike kwenye daftari, na uandike pia gari lilikuwa linafanya nini taa ilipowaka: asubuhi likiwa baridi, kwenye mlima, au baada ya kujaza mafuta. Fundi mzuri atafurahia maelezo hayo kuliko namba yenyewe.

Vidude vingi vya bei hiyo vinasoma injini tu. Taa ya ABS, yaani ya breki zisizofunga tairi, au ya eabegi ikiwaka, bado utakwenda kwa mwenye mashine kubwa. Ukimaliza kusoma kichomoe, kwa sababu pini ya 16 ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na gari likilala siku nyingi kitakula betri.

Taa ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo, egesha, zima. Mara nyingi hapo silinda mojawapo haichomi, na mafuta mabichi yanakwenda kuunguza masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Siku hiyo usisubiri kidude, ita fundi akufuate na plagi na koili.