Friji imegandisha mboga za wiki nzima: nitupe au nipike?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Juzi nilijaza friji mboga za wiki: kabichi, karoti, nyanya, hoho, vitunguu, spinachi, saladi, matango mawili na viazi. Leo asubuhi nimefungua nikakuta zote zimekuwa mawe. Pesa ya mboga imekwisha na nyingine siipati hadi wiki ijayo. Jirani ananiambia mboga iliyoganda bila kutokoswa kwanza ina sumu. Ni kweli? Na kama zinalika, nianze na ipi? Friza ninayo, ile ndogo ya juu.

JIBU: Nzuri, na pole. Sumu hakuna. Usitupe kitu bado, na tafadhali usizitandaze mezani ziyeyuke, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapozipoteza.

Jirani yako amesikia jambo la kweli akalibeba vibaya. Wanaogandisha mboga makusudi huzitokosa kwanza dakika 2 au 3 kwenye maji yanayochemka, kisha huzitumbukiza kwenye maji ya barafu. Lengo ni kuzima vimeng'enya, yaani protini za mboga yenyewe zinazoharakisha mabadiliko ndani yake, ambavyo huendelea kufanya kazi polepole hata ndani ya friza na kuharibu rangi, ladha na harufu. Mboga isiyotokoswa huchakaa mapema, lakini haimdhuru mlaji. Vitunguu na hoho hata havihitaji kutokoswa.

Kilichoharibika kwako ni umbile. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na yakiganda polepole, kama yanavyoganda kwenye friji ya nyumbani, hufanya vipande vikubwa vya barafu vyenye ncha. Ncha hizo hutoboa kuta za seli. Barafu ikiyeyuka, maji yaliyokuwa yakiikaza mboga yanatoka na mboga inalegea. Ule ukakamavu wa kutafunwa mbichi haurudi, hata ukiiloweka kwenye maji baridi kutwa nzima. Kwa hiyo kachumbari isahau wiki hii. Sufuria nayo ingezilainisha mboga hizo hizo kwa moto, kwa hiyo kwa mpishi hasara ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Kazi ya kwanza, kabla hujawasha jiko, ni kuzigawa. Zilizo ngumu kabisa na ambazo hutazipika leo, zihamishe sasa hivi kwenye friza kabla hazijaanza kuyeyuka. Karoti, hoho, vitunguu na nyanya ndizo zitakazovumilia safari hiyo. Zilizokwisha kulegea zipike leo. Zilizo katikati, yaani bado zina barafu ndani, unaweza kuzirudisha kwenye baridi kali bila hofu, ila kila zinapoganda upya zinazidi kuwa za majimaji.

Nyanya ndiyo bahati yako. Ishike ikiwa ngumu, ipitishe chini ya maji ya bomba kwa sekunde chache, ganda litavuka lenyewe kama soksi. Kisha ikwaruze ikiwa bado barafu, moja kwa moja juu ya sufuria, na rojo la mchuzi umelipata bila blenda. Spinachi nayo ina hila yake: ikiwa imeganda ndani ya mfuko, ifikiche kwa mikono na majani yatavunjika kama majani makavu. Huhitaji kisu. Mimina kwenye dengu au maharage dakika mbili tatu kabla ya kuepua.

Kabichi watu huiogopa bure. Wapo wapishi wanaoigandisha kwa kutaka, kwa sababu baada ya kuyeyuka majani yanabanduka mazima, laini, tayari kufungia wali na dengu, bila kuhangaika kuchemsha kichwa kizima. Iweke ndani ya bakuli kubwa kwenye friji usiku kucha. Bakuli nalisisitiza: mara ya kwanza mimi niliiacha kwenye sahani, asubuhi nikakuta rafu zote tatu zinaogelea. Maji hayo yasimwagwe. Yana vitamini C na madini yaliyotoka kwenye seli, basi yapeleke kwenye supu na yachemke pamoja nayo.

Kwa karoti, hoho na vitunguu, hatari iko mahali pawili. Kisu huteleza juu ya karoti iliyoganda, basi ipe dakika 5 hadi 10 ilegee kidogo nje ndipo uikate. Pili, usitupe kitu chenye barafu kwenye mafuta ya moto, kwa kuwa maji hugeuka mvuke ghafla na mafuta yakakurukia usoni. Tanguliza mboga kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, acha maji yakauke, ndipo utie mafuta. Kitunguu kilichoganda huiva haraka kuliko kibichi kwa kuwa barafu imeshafanya nusu ya kazi. Chumvi iwe ya mwisho, la sivyo inavuta maji zaidi na unachokaanga kinageuka kuchemka. Ukiwa na oveni, tandaza vipande bila kubanana na uweke digrii 220. Vikirundikana vinapikwa kwa mvuke tu.

Viazi sitakudanganya: ndivyo vinavyoumia zaidi. Kikiyeyuka kibichi, kiazi hutoa maji, huwa cheusi ndani na hugeuka kama sifongo. Vilivyo ngumu bado, vitumbukize vizima na maganda yake kwenye maji yanayochemka, vimenye vikiiva, uviponde. Vitakuwa na utamu kidogo, maana baridi hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari. Kwa sababu hiyo hiyo usivikaange: sukari huungua upesi, na kwenye joto la kukaangia huzalisha akrilamaidi, kemikali ambayo hatuihitaji sahanini. Ponda, au tumia kuipa supu uzito.

Matango na saladi yana maji mengi kuliko yote, karibu asilimia 95. Tango limenye, likamue, lisage na mtindi na kitunguu saumu, ule siku hiyo hiyo. Saladi itie kwenye supu mwishoni kama jani lolote la kijani. Kama ni lazima kitu kimoja kiende jalalani, kiwe saladi, na usijilaumu.

Sasa, namna ya kujua kilichooza. Kulegea si kuoza, wala maji maang'avu si dalili mbaya. Utelezi, harufu ya uchachu, maji mazito kama ute au ukungu: hizo ndizo dalili za kutupa. Tupa pia chochote kilichodondokewa na maji ya nyama mbichi. Kumbuka kwamba barafu haiui bakteria, inawalaza tu. Wakipata joto kati ya digrii 4 na 60 wanaamka na kuzaana, na mboga iliyopasuka seli imeshawatandikia chakula. Ndiyo maana nimekukataza meza. Iliyoyeyuka ikakaa nje zaidi ya saa mbili, usiirudishe kwenye baridi ukijihesabia umeiokoa.

Kwa bajeti yako, ningepika leo sufuria mbili kubwa: moja ya mchuzi wa nyanya, vitunguu na hoho, nyingine ya supu ya dengu na spinachi. Cha kula siku 3 au 4 kibaki kwenye friji, kinachozidi kigandishe kwenye mifuko iliyolazwa bapa, kila mmoja mlo mmoja. Mfuko bapa huganda haraka, huyeyuka haraka, na friza yako ndogo itaumeza. Kabichi iwe ya kesho kutwa, ikishalegea.

Halafu friji yenyewe, kwa sababu itarudia. Saladi huganda karibu na digrii 0.2 chini ya sifuri, nyanya 0.5, karoti 1.4, kwa hiyo kosa dogo tu la joto linatosha. Namba kwenye kitufe si digrii: kwenye friji nyingi namba kubwa ndiyo baridi kali, na nimeona watu wakiipandisha wakidhani wanapunguza. Angalia pia kama mboga ziliegemea ukuta wa nyuma au tundu linalopuliza hewa baridi. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya kati, kilale humo. Asubuhi kisome kati ya 2 na 4. Kikisoma chini ya sifuri ilhali umeshapunguza baridi, kihisi joto kina walakini, mwite fundi kabla hujanunua mboga nyingine.