Maswali yenu kuhusu ziara za sayansi: konokono, mto, radi na wasiotaka kushika matope

Maswali yamerundikana hadi kujibu moja moja imeshindikana, kwahiyo nimechukua yale yanayojirudia nikayafupisha kidogo. Twende.

Shule yetu haina hela ya basi wala viingilio vya hifadhi. Ndo basi tena watoto wasome ikolojia kwenye kitabu tu?

Hapana jamani. Mi naona ziara nyingi zinaharibikia hapo hapo mwanzoni, watu wanaanza na "twende wapi" wakati swali lilitakiwa liwe "tunataka kujua nini", matokeo yake watoto wanashushwa kwenye basi, wanatembezwa kwa foleni, wanatajiwa majina ya wanyama, picha ya pamoja, safari ya kurudi, na kesho yake ukiwauliza wamejifunza nini wanakusimulia vituko vya kwenye basi.

Chukua uwanja wenu wa shule. Swali: kukanyaga kunafanya nini kwa mimea? Tengeneza fremu ya mraba ya mbao au waya, nusu mita kila upande. Tandaza kamba mbili zenye alama za kila mita, moja kwa urefu na moja kwa upana, alafu mtoto achomoe vikaratasi vyenye namba kutoka kwenye kofia, namba mbili zinakupa pa kuweka fremu. Kwanini kofia na sio kuchagua kwa macho? Kwa sababu macho yanapenda penye maua, na ukichagua penye maua umeshajidanganya kabla hujaanza. Hesabuni aina za mimea ndani ya fremu, mara 10 pale wanapopita watu kila siku na mara 10 pembezoni wasipopita.

Mtaona njiani kumebaki aina chache, tena zile fupi zinazolala chini. Sasa usiwape jibu! Tafuteni kopo lililo wazi juu na chini, lididimizeni kidogo kwenye udongo, mimina maji ya kipimo kimoja, shika saa. Penye kukanyagwa maji yanakaa juu muda mrefu sana kwa sababu udongo umeshindiliwa, zile nafasi za hewa na maji zimebanwa, na mizizi nayo inapata tabu hiyo hiyo. Hapo mtoto ameunganisha vitu viwili mwenyewe. Hifadhi mtaenda siku mkijaliwa, na mkienda mtakuwa mnajua cha kuuliza.

Shikamoo mwalimu. Tumepewa kazi ya kujua bustani ina konokono wangapi, ila wanajificha na wengine tunahisi tumewahesabu mara mbili. Tufanyeje?

Marahaba. Hamuwezi kuwahesabu wote na wala hamtakiwi. Wakamateni mnaoweza, tuseme 40, kila mmoja mumpake nukta ndogo ya rangi ya kucha kwenye gamba, sehemu ya chini isiyoonekana sana, muwaachie pale pale mlipowatoa. Siku moja mbili zipite wachanganyike na wenzao. Rudini mkamate tena, tuseme safari hii mmepata 50 na kati yao 10 wana nukta. Yaani katika kila watano mmoja ni wa kwenu. Kwahiyo wale 40 wa mwanzo nao ni kama moja ya tano ya wote, na wote ni 200 hivi. Kwa hesabu: 40 mara 50 gawanya kwa 10. Mtaalamu wa samaki wa Denmark, C. G. J. Petersen, alilieleza wazo hili mwaka 1896 akiwa anashughulika na samaki baharini, na mpaka leo watu wanalitumia.

Ila sikia, maksi nyingi ziko kwenye kueleza ni lini hesabu hii inadanganya. Nukta zikifutika mtapata namba kubwa kuliko ukweli. Nukta ikiwa inang'aa ndege akawaona haraka, wenye alama wanaliwa zaidi, namba inapanda tena. Mkirudi mapema mno kabla hawajachanganyika mtawakamata wale wale na namba itashuka. Andikeni hayo kwenye ripoti, msiandike tu "konokono ni 200" kana kwamba mliwapanga mstari.

Tutajuaje kama mto ni msafi bila vifaa vya maabara?

Waulize wadudu. Mmoja asimame kwenye maji ya kina kifupi, wavu uwe upande maji yanakoelekea, avuruge mawe kwa mguu kwa dakika moja, vyote vinavyoibuka vinaingia kwenye wavu. Mwageni kwenye trei nyeupe yenye maji, mkae kimya kidogo, vitaanza kutembea. Wale wadudu wachanga wenye mikia mitatu na mashavu ya kupumulia majini, yanayofanana na manyoya, pembeni mwa tumbo wengi wao wanataka maji yenye oksijeni ya kutosha, ukiwapata wengi ni dalili nzuri. Ukikuta karibu wote ni funza wekundu wembamba, hapo oksijeni inawezekana ni ndogo, maana wekundu wao unatokana na himoglobini, inayowasaidia kubana kidogo kilichopo. Uchafu unaooza unalisha bakteria na bakteria ndo wanamaliza oksijeni. Pimeni na joto pia, maji ya nyuzi 10 yanabeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu hivi, kwahiyo msilinganishe asubuhi ya huku na mchana wa kule mkasema mto umechafuka.

Na wadudu wazuri haimaanishi maji ya kunywa! Vijidudu vya magonjwa havionekani kwenye trei. Wenye vidonda wafunike, wote wanawe na sabuni, na kama eneo lina kichocho hakuna mtu kuingia majini kabisa, tumieni wavu wa mpini mrefu mkiwa ukingoni.

Mwanangu ana pumu, na nyuki akimuuma anavimba vibaya. Nimkatalie kwenda?

Mama, usimkatalie kabla hujaongea na mwalimu na daktari wake. Andika kwenye fomu waziwazi, usione aibu. Dawa ya kuvuta na sindano ya adrenalini kama amepewa viwe kwake au kwa mtu mzima anayetembea naye hatua kwa hatua. Vikibaki kwenye begi ndani ya basi ni sawa na havipo. Akiumwa na nyuki mwiba utolewe haraka kwa njia yoyote, watu wanabishana kukwangua au kuvuta wakati sumu inaendelea kuingia. Akianza kuvimba midomo au ulimi, kupumua kwa shida, kuishiwa nguvu, anachomwa sindano hapo hapo na msaada wa dharura unaitwa hata kama amepata nafuu, kwa sababu hali inaweza kurudi. Alazwe, au akae kama kupumua ni kugumu, asitembezwe.

Ngurumo zikianza tumalizie kazi kwanza?

Hapana. Sauti inakwenda kilomita moja kwa sekunde 3 hivi, kwahiyo mwanga mpaka ngurumo ikiwa sekunde 30 radi iko kilomita 10 na inaweza kuwafikia. Ingieni kwenye jengo la kweli au gari lililofungwa, sio chini ya mti wala kwenye banda lisilo na kuta. Subirini dakika 30 toka ngurumo ya mwisho.

Kuna wanafunzi hawataki kushika matope wala wadudu. Niwalazimishe?

Ya nini? Mpe saa, mpe daftari, awe mwandishi wa data. Nusu saa baadae utamkuta ameinamia trei mwenyewe. Asipoinama pia sawa tu, data bila mwandishi ni kelele.

Simu ziruhusiwe au zikusanywe?

Simu moja kwa kila kundi, sio kila mtu na yake. Picha ya mmea au mdudu iwe na rula pembeni, vinginevyo hakuna atakayejua ukubwa wake, na ipigwe jani juu na chini, maua, na mahali ulipoota. Picha pia inaondoa ile tabia ya kung'oa kila kitu kupeleka darasani. Ila mkikuta kiota au mmea adimu zimeni lokesheni kabla ya kuirusha popote, wawindaji na wakusanyaji nao wana intaneti.