Usiniulize jina la rangi

Juzi usiku kijana mmoja wa Kange kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimefungua karakana ya bodi za malori. Nitajie rangi ngumu isiyobanduka." Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona bora nilimalizie hapa, maana najua mafundi wengi wa Tanga mna swali hilohilo na ndoto hiyohiyo: jina lako liandikwe nyuma ya tela na watu waliulizie.

Mimi jina langu liliulizwa kwa ubaya kwanza. Mzee mmoja mwenye malori alinipa bodi tatu mpya za tipa, za kubebea mawe ya chokaa. Vijana wanne, brashi za waya, grenda, msasa, siku tisa. Rangi nyekundu, inang'aa mpaka unajiona sura. Baada ya miezi mitano ikaanza kuvimba malengelenge, ukiparua kwa kucha inatoka kipande kizima, na nyuma ya kipande kuna gamba la chuma. Mzee alisimama mbele ya watu kijiweni akasema, "Huyu anaipaka kutu rangi." Nimemrudishia pesa yake, na salamu tunapeana, lakini neno lile halijanitoka hadi leo.

Alichosema kilikuwa kweli. Bati nene likitoka kiwandani huja na ngozi ya kibluu-kijivu. Ukiitazama utaiona ngumu, kumbe inapasuka na kuachia, na rangi yako inaondoka nayo. Grenda huisugua ngozi ile ikawa laini, na rangi haishiki pahali palipo laini. Brashi ya waya ndiyo kabisa, inaing'arisha kutu.

Nikasikia kuna karakana Dar es Salaam ina mashine ya kupiga goroli. Nilikwenda kwa basi kuiangalia tu. Chesisi nzima inapita juu ya rola, inaingia kwenye chumba cha chuma kilichofungwa, na ndani magurudumu yenye mapanga yanazunguka kwa kasi na kurusha goroli ndogo za chuma, nyingi hazifiki milimita moja. Goroli zikishapiga huanguka chini, zinapandishwa na ndoo za mkanda, upepo unapepeta vumbi na magamba kama mtu anavyopepeta mchele, kisha zinarudi kazini. Chesisi ikatokea upande wa pili ina rangi ya fedha iliyofifia, na ukipitisha kiganja unahisi mparuzo. Mparuzo ule, kina cha maikroni 50 hadi 75 hivi (maikroni ni elfu moja ya milimita), ndio unaoshika praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Kiwango cha usafi wa bati cha kuomba kinaitwa Sa 2½. Kitaje hivyo hivyo, usiseme "nisafishie vizuri."

Hapo nikadhani nimemaliza. Tela iliyofuata nikaipeleka Dar, ikapigwa, nikairudisha Tanga usiku huohuo chini ya turubai. Praima ikachelewa siku mbili. Asubuhi ya pili bati limeota wekundu. Nilijua kuwa limeharibika, wallahi nilijua, nikapitisha msasa nikapaka, kwa sababu mteja alikuwa anapiga simu. Ilibanduka kwenye maungio yote. Kosa la kwanza nilifanya kwa kutojua, la pili kwa kumwogopa mteja, na la pili ndilo linaloniuma.

Bati lililopigwa goroli liko uchi. Paka praima ndani ya saa chache, siku ileile, pale pale lilipopigiwa. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85 subiri, na joto la bati lizidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kutoa umande, kwa nyuzi 3 angalau. Sisi tunaoamka na upepo wa bahari tusijidanganye kwenye hili.

Chumvi nayo goroli haziiondoi. Gari lililozunguka bandarini lioshwe kwa maji ya bomba na sabuni kabla ya kupigwa. Grisi na mafuta futa kwa thina kwanza, mdogo wangu, futa. Goroli ni zilezile zinazunguka, kwa hiyo mafuta ya chesisi yako yanaingia kwenye goroli zote na kupakwa kwenye chesisi ya mwenzako. Huko ni kumharibia mtu riziki asiyekujua. Milango na bati jembamba la kebini usilipeleke, litajikunja.

Na wale wanaochota mchanga wa pwani wakapuliza kwa kompresa, acheni. Una chumvi, na vumbi lake la silika linaharibu mapafu yasipone tena. Uingereza waliupiga marufuku tangu 1950. Kijana unayemshikisha mpira ule wa kupulizia na kitambaa puani ni mtoto wa mtu.

Tela ya tatu nilisafiri nayo. Nilibeba bunduki ya rangi na praima yangu, nikaomba kona ya uwanja palepale Dar, saa tisa alasiri ikawa imevaa praima. Rangi ya juu nikaja kumalizia nyumbani. Jumamosi iliyopita imerudi kubadilishwa viatu vya breki, baada ya miaka mitatu ya barabara ya Segera. Nilijilaza chini na tochi nikakagua ungio moja moja, pembe zote, hata nyuma ya vishikio vya matairi. Hakuna lengelenge. Mwenye tela aliniuliza natafuta nini, sikuweza kumjibu mara moja.

Kijana wa Kange, alaikum salaam na marahaba. Rangi nyingi za chuma unazoziona dukani zinafaa ukifuata maelekezo ya kopo. Kabla hujaipeleka tela yako ya kwanza Dar, nipigie nije na ndoo, tuioshe pamoja.