Maswali ya Wasomaji: GPS ya Mkononi Safarini

Barua za safari hii karibu zote zinahusu GPS za mkononi, kuanzia za zamani zilizomo ndani ya kompyuta za kiganjani hadi hizi za kisasa zinazotumia betri ndogo. Wengi waliotuandikia wanazilaumu satelaiti. Tumeona makosa ya mipangilio, ramani na betri. Satelaiti tumezikuta hazina hatia.

Shikamooni. Kaka yangu amenipa kompyuta ya kiganjani yenye GPS, ya zama zile za Palm (kompyuta ndogo za kabla ya simu janja). Inaonyesha vizuri mahali nilipo, lakini tarehe imerudi nyuma miaka mingi na kengele za miadi zimevurugika. Nisafiri nayo, au niiweke kabatini? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Tuanze na tarehe. Mawimbi ya kawaida ya GPS, ambayo vifaa hivyo husoma, hayatangazi mwaka. Yanatangaza namba ya wiki, na namba hiyo imetengewa biti 10 tu: inahesabu kutoka 0 hadi 1023, kisha inaanza upya. Hesabu ilianza tarehe 6 Januari 1980, ikajirudia Agosti 1999, ikajirudia tena usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019. Zamu ijayo ni Novemba 2038. Kifaa ambacho programu yake haikuandaliwa kwa mgeuko huo hukosea kwa wiki 1024 kamili, yaani siku 7168. Kwa hiyo tarehe 1 Julai 2025 itasomeka 15 Novemba 2005.

Angalia kalenda: siku zote hizo mbili ni Jumanne. Kwa kuwa kosa ni la wiki kamili, siku ya wiki haiguswi, na hapo ndipo pa kupimia. Siku ya wiki na saa zikiwa sahihi huku tarehe imepotea, tatizo ni hilo. Siku ya wiki nayo ikiwa si yenyewe, chunguza mipangilio ya saa, au chaji iliwahi kuisha kabisa.

Hesabu ya mahali kwa kawaida haidhuriki. Vinavyoharibika ni kengele, saa za macheo na machweo, na tarehe za njia ulizorekodi. Kama kuna chaguo la kuchukua saa kutoka GPS, lizime na uweke tarehe kwa mkono. Kama halipo, iache miadi ikae kwenye simu na hicho kifaa kibaki na kazi ya ramani. Halafu ujue kwamba kalenda ya Palm OS, programu endeshi ya mashine hizo, yenyewe inaishia mwaka 2031, kwa hiyo usikifanyie mipango ya uzeeni.

Hatari kubwa kuliko tarehe ni kumbukumbu. Vifaa vya wakati ule, Garmin iQue 3600 ya mwaka 2003 ikiwemo, viliweka anwani na miadi kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme. Chaji ikikauka kabisa, kila kitu kimekwenda. Betri nayo imefungiwa ndani, na sasa ina umri wa mtu mzima. Ipime kabla ya safari: ijaze, fungua antena, washa GPS, weka mwanga wa skrini nusu, kisha uone itadumu kwa muda gani. Ikiwa haidumu kwa muda wa saa mbili, itumie ikiwa imechomekwa kwenye chaja ya gari tu. Nakili anwani zako kwenye kadi kila jioni. Tafuta kadi ya SD ya kawaida isiyozidi GB 2, maana nyingi za mashine hizo hazisomi SDHC (kadi za zaidi ya GB 2), na duka likikuuzia ya GB 32 utadhani tundu limeharibika.

Uzuri wa iQue ulikuwa huu: unachagua jina kwenye kitabu cha anwani, nayo inakupeleka hadi kwenye nyumba. Inafaa kule ambako kila nyumba ina namba na mtaa. Kwetu anwani nyingi ni S.L.P., na sanduku la posta halikufikishi mlangoni kwa mtu. Ukifika kwa mwenyeji wako mara ya kwanza, simama getini, soma koordineti (namba za latitudo na longitudo za mahali hapo), uziandike kwenye sehemu ya maelezo chini ya jina lake. Kwa matumizi hayo hata mashine ya zamani bado ni mali.

Nina ramani ya karatasi ya 1:50,000 ya eneo la Lushoto. GPS yangu ya eTrex, ya kampuni ya Garmin, inaniweka upande wa pili wa bonde, kama mita 300 kutoka nilipo kweli. Je, ni mbovu? (Mtembeza wageni, Lushoto)

Si mbovu. Ramani yako na kifaa chako havihesabu dunia kwa kipimo kimoja. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa datumu (kielelezo cha umbo la dunia ambacho koordineti hupimiwa) ya Arc 1960, na GPS zote hutoka kiwandani zikiwa kwenye datumu nyingine, WGS 84. Kwa ukanda wetu tofauti ya hizo mbili ni takriban mita 300, na sehemu kubwa yake ni ya kaskazini na kusini. Ukiona kosa lako siku zote linaelekea upande uleule kwa kiasi kilekile, hiyo ni datumu. Kosa la mawimbi huhamahama.

Soma kwanza maandishi ya pembezoni mwa ramani. Yakitaja Arc 1960, au Clarke 1880 (umbo la dunia linalotumiwa na datumu hiyo) pamoja na gridi ya UTM (inayogawa dunia katika zoni na kupima kwa mita), fungua mipangilio ya kifaa, ingia sehemu ya "Position Format", chagua UTM UPS, kisha shuka kwenye "Map Datum" na uchague Arc 1960. Nenda mahali panapojulikana kwenye karatasi, kama daraja au njia panda (kilele cha mlima hakifai, hujui mchoraji alikusudia jiwe lipi), ulinganishe namba.

Kwa Lushoto namba ya kwanza itakuwa 37 M. Hiyo M isikupite hivihivi. Inamaanisha kati ya ikweta na nyuzi 8 kusini. Ukiandika N badala yake, kifaa kitakupeleka kaskazini ya ikweta, mbali kabisa na Usambara. Kusini mwa ikweta namba ya kaskazini, ile ya mita, huanzia 10,000,000 kwenye ikweta na kupungua kadiri unavyokwenda kusini, ndiyo maana Lushoto inasomeka kwenye 9,470,000 hivi. Na kama wageni wako wanaendelea hadi Dodoma, mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita kabla ya kufika mjini: upande wa huku ni zoni 37, upande wa pili 36. Namba zitaruka ghafla, usishtuke.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kifaa chenyewe huhifadhi alama zako zote kwa WGS 84. Unachobadilisha ni namna ya kuzionyesha. Kwa hiyo kubadili datumu baadaye hakuharibu alama uliyoipiga ukiwa umesimama mahali. Kinachoharibu ni kuandika namba za ramani kwa mkono wakati kifaa bado kipo WGS 84. Alama hiyo itabaki na kosa la mita 300 hata ukirekebisha mipangilio kesho. Weka datumu kwanza, ndipo uandike. Ukimaliza na karatasi, irudishe kwenye WGS 84, maana mwenzako akikutumia koordineti kutoka kwenye simu, zitakuwa za WGS 84.

Tunakwenda kupiga kambi kwenye mchanga wa Sharqiya, jangwa la huku Oman. Rafiki ametutumia koordineti za kambi: N 22° 15.500'. Mmoja wetu ameziandika 22.155, mwingine 22° 15' 50". Nani yuko sahihi? (Wasomaji, Muscat)

Hakuna. Aliyeandika 22.155 amewapeleka kilomita 11 na nusu kusini ya kambi. Aliyeandika sekunde 50 amekosea kwa mita 600 na kitu, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu mtafika karibu, mtaona matairi yamepita, mtaanza kuzunguka mkidhani mmefika.

Nukta baada ya 15 ni sehemu ya dakika. Nusu dakika ni sekunde 30, kwa hiyo mahali hapo ni 22° 15' 30", au kwa desimali 22.2583. Dakika moja ya latitudo ni mita 1852. Kumbuka hiyo moja na utaweza kupima ukubwa wa kosa lolote kichwani. Kabla ya kuandika chochote, badilisha muundo wa kifaa ufanane na ujumbe uliotumiwa, herufi kwa herufi. Usikokotoe kwa kichwa ukiwa barabarani. Mkimaliza, fungueni alama hiyo kwenye ramani: ikiwa imeangukia baharini au katikati ya mji, rudini kwenye ujumbe.

Jingine la mchanga huo: vilima vyake vikubwa vimejipanga kaskazini hadi kusini, na vingine vinakaribia mita 100 kwenda juu. Mshale wa GPS unaelekeza kwa mstari ulionyooka. Mshale ukionyesha kambi iko kilomita 9 mashariki, haujui kwamba katikati pana kilima baada ya kilima. Fuateni bonde lililo kati ya vilima, mkivuka pale penye mteremko mwepesi tu, na muutazame umbali unavyopungua badala ya kuufuata mshale. Pigeni alama mahali lami inapoishia, palepale mnapopunguza upepo wa matairi, na muwashe kurekodi njia kabla ya kuingia mchangani. Njia hiyo iliyorekodiwa ndiyo itakayowatoa.

Nikitua Entebbe kutoka London, GPS yangu inachukua muda mrefu sana kupata mahali. Kwa nini? (Msomaji, London)

Kwa sababu inatafuta satelaiti za London. Ilipozimwa ilikuwa na orodha ya zile zilizokuwa juu yake huko. Toka nje mahali penye anga wazi, iweke mezani au juu ya boneti antena ikitazama juu, uiache. Kila satelaiti inahitaji sekunde 30 hivi za mawimbi yasiyokatika ili itoe taarifa za njia yake. Ukitembea chini ya miti au ndani ya teksi, zinakatika na kuanza tena. Orodha kamili ya satelaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Ipe robo saa, unywe chai.

Nikisimama, mshale wa dira unazunguka hovyo. (Msomaji, Kigoma)

Huenda kifaa chako hakina dira ya sumaku. eTrex 10 na 20, kwa mfano, hazina. Kifaa cha namna hiyo hujua uelekeo kwa kulinganisha ulipo na ulipokuwa, basi ukisimama hakina cha kulinganisha. Tembea hatua 20 kwa mstari. Kama chako kina dira, isahihishe upya kila unapobadili betri, mbali na gari na spika ya simu.

Betri zangu za kuchaji zinaonyesha zimeisha wakati bado. Na mlimani Kilimanjaro zinakufa mapema. (Mpagazi, Marangu)

Betri ya kawaida ina volti 1.5, ya kuchaji ya NiMH ina 1.2. Kama hujakiambia kifaa ni aina gani, kinasoma 1.2 kama betri iliyochoka. Ingia mipangilio ya mfumo, aina ya betri, uchague NiMH. Kwa baridi ya kileleni usitegemee betri za alkali, zinalegea vibaya. Nunua za lithiamu za AA, za volti 1.5, na uzitaje hivyo kwenye mipangilio. Akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kwani simu haitoshi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa safari za mjini na barabara kuu, inatosha, na hatuoni sababu ya kutumia pesa zaidi. GPS ya simu haihitaji laini wala bando kupata mahali; mtandao huisaidia kuwahi tu. Pakua ramani ya nje ya mtandao ukiwa na Wi-Fi (Organic Maps na OsmAnd ni za bure na zinatumia ramani za OpenStreetMap), ijaribu ukiwa umezima data, ndipo uondoke. Kifaa cha mkononi kinajilipa pale unapokaa siku kadhaa bila umeme, mvuani, au glovu zikiwa mikononi: eTrex hutumia betri mbili za AA kwa saa 25 hivi, na betri hizo unazipata hata duka la kijijini. Ukinunua, angalia kama ina nafasi ya kadi. eTrex 10 haina, na bila kadi huwezi kuiongezea ramani ya Afrika Mashariki. Utabaki na mshale na mstari kwenye skrini tupu.